Hisa za mafuta zikishuka: kugawa pesa au kununua hisa tena?

Wandugu, kwetu Kavumu hakuna soko la hisa, na kusema kweli nchi nzima ya Kongo haina. Ndiyo maana wengi wetu tunasoma habari za bursa kwenye simu kama mtu anayesoma hali ya hewa ya nchi nyingine: Shell imeshuka, Total imepanda, halafu tunaenda zetu. Lakini kila mtu aliyewahi kukaa katika AVEC anajua tayari nusu ya somo hili, hata kama hakuingia darasa la uchumi hata siku moja.

Katika AVEC unanunua sehemu, zinaandikwa katika kijitabu chako, pesa inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu. Mwisho wa mzunguko sanduku linafunguliwa, kila mtu anapata kwa kadiri ya sehemu zake. Kule kugawa, makampuni wanakuita gawio, ile dividandi ya chuoni. Sasa tuseme katikati ya mzunguko mwenzenu anapata kazi Lubumbashi, ama anaolewa Goma. Anasema: nirudishieni sehemu zangu, naondoka. Kikundi kinafungua sanduku, kinamlipa, jina lake linafutwa. Mliobaki ni wachache kuliko jana. Hiyo ndiyo kununua hisa tena: kampuni inachukua pesa yake, inanunua hisa zake yenyewe kwa wanaotaka kutoka, kisha inazifuta.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza pale mtu anapouliza: tunamlipa bei gani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana kumi wana mashini ya kusaga mihogo na mahindi karibu na soko. Wana hisa 100. Kila mwaka, baada ya kulipa mazutu na mshahara wa fundi, zinabaki dola 1,000. Mwaka huu wakigawa zote, kila hisa inapata dola 10. Mwaka ujao pia dola 10. Sawa.

Lakini bei ya hisa imeshuka, watu wanaogopa, kuko wanaouza kwa dola 50. Kikundi kinasema: tusigawe, tununue. Dola 1,000 zinanunua hisa 20, zinabaki 80. Mwaka ujao dola 1,000 zile zile zinagawanywa kwa hisa 80: kila moja inapata dola 12.50. Waliovumilia wanacheka. Kama bei ingekuwa dola 100, wangenunua hisa 10 tu, na mwaka ujao kila hisa ingepata kama dola 11.11. Kwa hiyo kadiri bei ilivyo chini, ndivyo kununua kunavyowafaa wanaobaki. Hii ndiyo hoja ya watu wanaosema: hisa ikishuka, acheni gawio, nunueni!

Hoja nzuri, ila ina tundu. Juu ya nini bei imeshuka? Kama watu wameogopa bure, sawa. Lakini kama injini inakaribia kufa, na mwaka ujao mashini italeta dola 400 tu, basi hisa 80 zitapata dola 5 kila moja. Wale waliouza walipata 50 zao wakaondoka. Waliobaki wameshika injini mbovu na sanduku tupu. Kama mngegawa, angalau kila mtu angekuwa na dola 10 mfukoni kwa kila hisa yake. Na nani alijua habari ya injini mapema? Fundi na msimamizi.

Mfano wa kweli haupo mbali. Nairobi, mwaka 2021, kampuni ya magazeti ya Nation Media Group ilitangaza kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake kwa shilingi 25 za Kenya kila moja. Miaka iliyofuata bei sokoni ilienda chini ya 20. Aliyeuza siku ile alifanya hesabu nzuri kuliko aliyebaki.

Sasa turudi kwenye mafuta, maana mafuta yana tabia yake. Sisi tunaijua bei yake kupitia kwa kadhafi wa barabarani, ikipanda tunalia. Kampuni ya mafuta ni kinyume: ikipanda inacheka, na haina uwezo wa kuipanga. Mwaka 2020 korona ilifunga viwanja vya ndege na viwanda, na tarehe 20 Aprili mafuta ya Marekani yaliuzwa kwa bei chini ya sifuri, yaani mwenye nayo alilipa ili yachukuliwe. Hisa za makampuni yote zikaanguka. Kwa hesabu ya mashini yetu, huo ndio ulikuwa wakati wa kununua, si ndiyo?

Walifanya kinyume. Mwezi wa tatu Shell na Total walisimamisha kununua hisa zao. Tarehe 30 Aprili Shell ikapunguza na gawio pia, kutoka senti 47 hadi senti 16 za dola kwa hisa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita Kuu ya Pili. BP ikafuata mwezi wa nane, ikakata nusu. Total ilishikilia gawio lake, ijapokuwa ilifunga mwaka na hasara ya dola bilioni 7.2. Kisha mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha mafuta kupita dola 100 kwa pipa, masanduku yakajaa, na manunuzi yakarudi kwa nguvu: Shell ilitumia zaidi ya dola bilioni 18 mwaka ule, TotalEnergies bilioni 7. Hisa ya Shell, ambayo Oktoba 2020 ilikuwa chini ya pauni 10, ilikuwa imepita pauni 20.

Yaani walinunua bei ikiwa juu na wakakaa kimya bei ikiwa chini. Mimi sidhani ni ujinga. Kampuni ya mafuta ina pesa ya kununua hisa wakati ule ule hisa ni ghali, na inakosa pesa wakati hisa ni rahisi, kwa sababu vyote viwili vinatoka kwenye chanzo kimoja: bei ya pipa. Ndiyo maana siamini sana mtu anayeniambia kuwa kununua hisa kunaisaidia kampuni ya mafuta inapoanguka. Karatasini ni kweli. Katika sanduku, mara nyingi pesa haipo.

Kuna tofauti nyingine ambayo vitabu vinaipitia haraka. Gawio ni kama ahadi. Likipunguzwa, wazee wanaoishi kwa pensheni Uingereza wanalisikia nyumbani. Kununua hisa si ahadi. Ukiacha leo, hakuna mtu anayegonga mlango. Wakubwa wa kampuni wanaupenda uhuru huo. Pia wanajua kuwa hisa zikipungua, faida kwa hisa inapanda hata kama mashini haijasaga kilo moja zaidi, na kuko wakubwa ambao bonasi yao inahesabiwa hapo hapo. Mtanisamehe, lakini mimi naona afadhali pesa ionekane mkononi mwa kila mwenye hisa.

Kwetu sheria inaegemea huko pia. OHADA, tuliyoingia Septemba 2012, kwa kanuni inakataza kampuni ya hisa kununua hisa zake yenyewe. Njia kuu iliyoachwa ni mkutano mkuu usio wa kawaida kuamua kupunguza mtaji, bila sababu kuwa hasara, na hisa zinunuliwe ili zifutwe. Na gawio lenyewe linatoka katika faida ya kweli, baada ya kutenga sehemu ya kumi ya faida kwa akiba ya kisheria mpaka akiba hiyo ifike sehemu ya tano ya mtaji. Kugawa faida ambayo haipo ni kosa la jinai. Wenye kufungua kampuni ndogo na wenzao, someni hapo kabla ya kupiga muhuri.

Nimalizie na Tullow, kwa sababu ilichimba karibu nasi, kwenye Ziwa Albert upande wa Uganda, ziwa ambalo ng'ambo yake ni Ituri. Kampuni hii ya London ilikuwa imerudisha gawio mwaka 2019, ikiahidi si chini ya dola milioni 100 kwa mwaka. Tarehe 9 Desemba mwaka ule ule ikatangaza kuwa visima vyake vya Ghana vitatoa kidogo kuliko ilivyosema. Mkurugenzi akaondoka, gawio likasimamishwa, na kwa siku moja hisa ikapoteza zaidi ya asilimia 70. Hapa haikuwa bei ya pipa, ilikuwa injini yenyewe. Na juu ya hayo kulikuwa na deni la dola karibu bilioni 2.8. Mtu angeuliza siku ile, tugawe au tununue hisa zetu maana zimekuwa rahisi? Jibu lilikuwa kwa wenye deni.

Miezi minne baadaye, Aprili 2020, Tullow ilikubali kuuza sehemu yake yote ya Uganda kwa dola milioni 575. Mnunuzi alikuwa Total, ile ile iliyokuwa imeacha kununua hisa zake mwezi mmoja kabla. Pesa yake iliona kitu rahisi zaidi ya hisa zake. Februari 2022 ikatangaza uamuzi wa kuwekeza, pamoja na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Kwa Tullow, dola za mauzo zilienda kupunguza deni, na gawio likabaki limesimama.