Urudufu wa Rekodi za Uhasibu katika Seva ya RADIUS: Chanzo, Utambuzi na Tiba

1.0 Utangulizi

Mtu wa Kilembwe, katika teritwari ya Fizi, anapomkabidhi msafiri barua ya kupeleka Baraka, hungoja jibu. Jibu likikawia, huandika barua ya pili yenye ujumbe uleule, kwani hajui kama ni barua iliyopotea njiani au ni jibu lake. Ikiwa barua iliagiza magunia mawili ya chumvi na zote mbili zikafika, mpokeaji asiye mwangalifu atapeleka magunia manne na kudai malipo yake yote. Tatizo la namna hiyo hulikumba daftari la seva inayohesabu muda wa wateja wa intaneti ya simu. Makala haya yanaeleza chanzo chake, namna ya kulitambua na namna ya kulitibu.

2.0 Jinsi hesabu inavyowekwa

RADIUS ni itifaki iliyobuniwa na kampuni ya Livingston ya Marekani katika miaka ya 1990, wakati wateja walipounganishwa kwa modemu na laini ya simu. Maelezo ya sehemu yake ya uhasibu yalitolewa Januari 1997 katika waraka RFC 2059, kisha yakarekebishwa hadi RFC 2866 ya Juni 2000. Kifaa kinachopokea simu huipelekea seva taarifa ya kuanza mteja anapoingia, na taarifa ya kumaliza anapotoka. Hii ya pili ndiyo yenye uzito, kwa kuwa hubeba idadi ya sekunde alizotumia. Mahali ambapo mteja hulipa kwa saa, taarifa hiyo ikihesabiwa mara mbili, naye hutozwa mara mbili.

Taarifa hizo husafirishwa kwa UDP, njia isiyothibitisha kwamba kilichotumwa kimefika. Kwa sababu hiyo seva hutakiwa kujibu baada tu ya kuandika rekodi, nacho kifaa hurudia kutuma hadi kijibiwe.

3.0 Vyanzo vya urudufu

Yafaa kutofautisha istilahi mbili. Marudio ni tendo la kifaa kutuma tena. Urudufu ni matokeo yake daftarini. Marudio si kosa. Kosa ni kuyahesabu. Marudio hutokea jibu linapopotea njiani, au seva inapochelewa kuandika kupita muda ambao kifaa kimepangiwa kungoja. Aidha, kifaa kisipojibiwa na seva ya kwanza huweza kuigeukia ya pili. Ikiwa zote mbili huandika katika daftari moja, rekodi mbili huonekana.

4.0 Utambuzi

Kila ombi lina namba yake, kuanzia 0 hadi 255. Wengi hudhani kwamba namba hiyo yatosha kutambua marudio. Sivyo. Ombi likibeba muda wa kuchelewa, muda huo hubadilika kila linaporudiwa, na hapo namba ya ombi nayo hulazimika kubadilika. Kinachobaki vilevile ni namba ya kipindi, jina la mteja, anwani ya kifaa na aina ya taarifa.

Tuchukue mfano. Taarifa ya kumaliza imefika saa 4:00:05, ikiwa na ucheleweshaji wa sekunde 0. Nyingine ya kipindi hichohicho imefika saa 4:00:15, ikiwa na ucheleweshaji wa sekunde 10. Ukiondoa ucheleweshaji, zote zinaelekeza kwenye saa 4:00:05. Tukio ni moja.

Hata hivyo, kufanana pekee hakutoshi. Vifaa vingine vikizimwa na kuwashwa huanza upya kuhesabu namba za vipindi, na namba ya jana huweza kumwangukia mteja yuleyule leo. Hapo saa ya tukio ndiyo shahidi. Hali kadhalika, mteja aliyeunganisha laini mbili kwa pamoja huwa na vipindi viwili halali.

5.0 Tiba

Dawa isiyofaa ni kuiamuru seva ijibu kabla ya kuandika. Marudio yatapungua, lakini umeme ukikatika katikati, rekodi itapotea na kifaa hakitaituma tena. Tiba ya kweli ina hatua tatu. Kwanza, kuharakisha uandishi au kuongeza muda wa kungoja. Pili, kuunda ufunguo wa pekee kutokana na kipindi, mteja, kifaa, aina ya taarifa na saa ya tukio, ukiruhusu tofauti ya sekunde chache, ili rekodi ya pili ijibiwe bila kuhesabiwa. Tatu, kuhifadhi daftari ghafi bila kulifuta, ili mteja anayelalamika aonyeshwe ushahidi.

6.0 Hitimisho

Mwanaisimu anafahamu kuwa urudufishaji hubadili maana: kupiga si kupigapiga. Katika uhasibu ni kinyume. Neno likisemwa mara kumi, maana ibaki moja. Modemu za simu zimeachwa karibu kila mahali, lakini RADIUS ingali ikihesabu muda wa wateja wa Wi-Fi, na anayenunua saa moja bado ana haki ya kuipata saa nzima.