Magoti ya Nyanya na Tembe za Dukani

Huenda nawe unaye nyanya anayeamka asubuhi akishikilia ukuta. Wangu yuko hivyo. Pale kijijini wanasema ni baridi, lakini ugonjwa wenyewe ni kulika kwa gegedu. Gegedu ni kile kitu cheupe chenye kuteleza unachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Likishalika, goti huvimba, hukakamaa na kuuma. Hakuna tembe inayolirudisha. Dawa hupunguza maumivu tu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani. Mwanzo nilimletea ibuprofeni. Aliponiambia, "Mjukuu wangu, hii haishiki," nikamwongezea diklofenaki. Nilijiona daktari kweli kweli! Kumbe dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja. Huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe, lakini kemikali za aina hiyo hiyo ndizo hulinda ngozi ya ndani ya tumbo. Ukizimeza pamoja, tena kila siku, tumbo hubaki bila ngao. Wazee ndio huumia zaidi, na figo na presha pia huweza kuharibika.

Nyanya alianza kwenda choo cheusi kama lami. Aliona haya kutuambia. Siku moja akaanguka karibu na zizi la ng'ombe, tukamkimbiza hospitalini, akaongezwa damu. Daktari akauliza, "Ni nani humnunulia dawa?" Nilitazama chini.

Siku hizi anapaka jeli ya diklofenaki gotini, kwa sababu ni kidogo sana inayoingia kwenye damu, na daktari ndiye aliyemruhusu. Parasetamoli hunywa mara moja moja. Haimsaidii sana, na mtu mzima akipita tembe 8 za miligramu 500 kwa siku huhatarisha ini. Kilichomfaa zaidi ni mazoezi. Huketi kitini, akanyoosha mguu, nami nikahesabu hadi kumi. Hapo mwanzo alinung'unika eti namchezea. Goti baya ni la kulia, kwa hivyo bakora huishika mkono wa kushoto. Mimi nilidhani ni kinyume chake!

Kupiga magoti kanisani bado hawezi. Lakini Jumapili iliyopita alikwenda huko kwa miguu yake mwenyewe, akapumzika mara mbili tu njiani. Dukani bado hunituma: sukari, chumvi na majani ya chai.