Vumbi la bunduki ni hatari kwa mtoto nyumbani

KATIKA Kiswahili, neno risasi lina maana mbili: kitu kinachofyatuliwa kutoka kwenye mtutu wa bunduki, na madini mazito yanayotumiwa kukiunda. Risasi ya kwanza huogopwa na kila mtu. Ya pili huingia nyumbani kimyakimya ikiwa vumbi, na anayeathirika zaidi ni mtoto.

Suala hili lina uzito katika maeneo kama Gotu, kando ya Mto Ewaso Nyiro, Kaunti ya Isiolo. Wizi wa mifugo umewafanya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya kuishi na bunduki kwa miaka mingi. Zipo za polisi wa akiba, na zipo zisizo na kibali, licha ya misako kama Operesheni Dumisha Amani iliyoanza 2005 na kurudiwa 2010.

Je, vumbi hilo hutoka wapi? Bunduki inapofyatuliwa, kemikali inayowasha baruti, ambayo katika risasi nyingi ina madini hayo, huungua na kutoa moshi. Chembe zake hutua mikononi, kwenye nguo na ndani ya mtutu. Baba anapompakata mwanawe kabla ya kunawa, au anaposafisha silaha karibu na meko, chembe hizo huhamia kwenye mkeka, kwenye vyombo na hatimaye kinywani mwa mtoto.

Nchini Marekani, watafiti waliochunguza jimbo la Massachusetts waligundua kuwa maeneo yenye leseni nyingi za bunduki yalikuwa pia na watoto wengi zaidi wenye madini hayo katika damu. Uhusiano huo pekee hauthibitishi chanzo, lakini ni onyo la kutosha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha madini hayo kilicho salama. Mwili wa mtoto hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya ule wa mtu mzima. Madhara yake ni kudumaa kwa akili, upungufu wa damu na ugumu wa kujifunza. Mtoto aliyekosa maziwa na chakula bora, kama inavyotokea wakati wa ukame, hufyonza zaidi.

Kenya inaijua sumu hii. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni.

Kinga si ghali. Anayeshika silaha anawe kwa sabuni na abadilishe nguo kabla ya kumgusa mtoto. Asiisafishe bunduki ndani ya nyumba. Maganda ya risasi yasigeuzwe vichezeo, wala risasi isiyeyushwe katika sufuria ya chakula. Kuchemsha maji hakuondoi madini hayo.

Dalili huchelewa kuonekana, na kipimo cha damu ndicho kinachotoa jibu. Mzazi mwenye shaka amweleze daktari wazi kwamba mtoto anaishi karibu na bunduki.