Kifupisho k.n.y. katika Sentensi za Mfano

Vifupisho k.m. na n.k. vimejaa katika vitabu vya shule. Kifupisho k.n.y., yaani ‘kwa niaba ya’, hakikupata bahati hiyo. Makao yake ni mwisho wa barua ya ofisini, penye sahihi, kabla ya cheo cha yule ambaye barua imeandikwa kwa mamlaka yake. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, karani hukiandika pasipo kufikiri. Nchini Kenya, ijapokuwa Katiba ya 2010 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, barua nyingi za ofisini zingali za Kiingereza. Basi huenda mwanafunzi akakutana na k.n.y. katika sentensi ya mfano kabla hajaiona barua yenyewe, na sentensi hiyo ikiwa mbovu hana pa kuisahihishia.

Tuchukue mifano ya kubuni kutoka soko la Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho:

(1) Nimepokea shilingi 4,500 k.n.y. kikundi cha wauza samaki.
(2) Nimepokea shilingi 4,500 kwa ajili ya kikundi cha wauza samaki.

Wako walimu wanaozifundisha sentensi hizi kana kwamba ni moja. Sivyo. Katika (1) aliyepokea ni kikundi. Mwenye kutia sahihi ni mkono wake tu, ikiwa kweli ametumwa. Katika (2) mpokeaji ni mtu mwenyewe, na kikundi kimetajwa kuonyesha fedha zinakusudiwa nani. Zikipotea njiani, mlipaji mwenye stakabadhi ya (2) aweza kudaiwa tena. Sondu, ambako Mjaluo na Mkipsigis hufanya biashara kwa Kiswahili ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yao, tofauti hiyo yaweza kuwa ya fedha taslimu.

Sarufi nayo ina masharti yake. Neno niaba, lenye asili moja ya Kiarabu na naibu, ndilo linaloleta ya, na ya hiyo imekwisha kumezwa ndani ya kifupisho. Kwa hiyo kifupisho hudai jina mbele yake:

(3) *Nimepokea fedha hizi k.n.y. yake.

Ukiifumbua, (3) husomeka ‘kwa niaba ya yake’. Penye kimilikishi hapana budi kuandika kwa ukamilifu: kwa niaba yake, kwa niaba yetu.

Kosa jingine ni gumu zaidi kugundua, kwa kuwa sarufi haina lawama:

(4) ?Akinyi alichemsha chai k.n.y. wageni.

Maana yake ni kwamba wageni ndio waliopaswa kuchemsha chai, Akinyi akawashikia zamu! Aidha, hii ni sentensi ya masimulizi, na masimulizi hayana haja na kifupisho cha ofisini.

Mtunga kamusi angefanya vyema kuiacha sentensi kabisa, atoe mfano wa sahihi:

(5) (sahihi)
Katibu
k.n.y. Mwenyekiti

Nukta zenyewe zina mashaka kidogo, maana makarani wengi huandika Kny tu. Kamusi na ichague namna moja. Katika kusoma kwa sauti hakuna mashaka: herufi hazitajwi, husomwa maneno yote matatu.