Mbegu ya Okidi Haioti Udongoni

Mtu apandaye mchicha humwaga mbegu, akazifunika kwa udongo, akanyunyiza maji, na baada ya siku chache huona miche. Apandaye mbegu za okidi kwa njia hiyo hatapata hata mche mmoja.

Mbegu ya okidi ni ndogo mithili ya vumbi. Tunda moja laweza kubeba mamia ya maelfu ya mbegu, na katika aina nyingine zaidi ya milioni moja, lakini hakuna hata mbegu moja iliyowekewa akiba ya chakula kama hindi au haragwe. Porini mbegu hiyo hungoja kuvu maalumu iingie ndani yake na kuilisha. Zisizoipata, nazo ndizo karibu zote, hufa.

Siri hiyo ilifichuliwa na kijana aliyekuwa jeshini. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard, akiwa katika utumishi wa kijeshi, alikuta katika msitu wa Fontainebleau miche michanga ya okidi chini ya majani makavu, nayo ilikuwa na kuvu ndani yake. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba sukari iliyotiwa katika jeli safi huweza kushika mahali pa kuvu.

Njia ya Knudson haidai jumba la kioo. Yadai usafi kama wa chumba cha upasuaji. Jeli hupikwa kwa agari, yaani unga utokanao na mwani, pamoja na sukari na chumvi kidogo za mbolea. Kisha chupa zake hupikwa katika sufuria ya kubana mvuke, nyuzi 121, kwa dakika 15 hadi 20. Tunda huchumwa likiwa bado kijani, kabla halijapasuka, kwa kuwa mbegu zilizo ndani hazijaguswa na hewa. Huoshwa, hulowekwa katika maji ya klorini, kisha hukatwa kwa kisu kilichopitishwa motoni, mahali pasipopita upepo. Ukungu ukipenya, sukari iliyokusudiwa mche huulisha ukungu, na chupa nzima hutupwa.

Baada ya wiki kadhaa, au miezi, vumbi lile huvimba likawa vidonge vya kijani. Ndipo huja jani, kisha mzizi. Ua la kwanza huchukua miaka kadhaa. Askari aweza kuhamishwa vituo viwili kabla ya kuliona.

Kwa nini basi kujitaabisha, ilhali okidi zipo msituni? Kwa sababu zinakwisha. Okidi ya chui, Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, huota juu ya miti ya Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Mchuuzi hukata tawi zima ili kupata kichaka kilichokua kwa miaka mingi, na mara nyingi kichaka hicho hufia mikononi mwa mnunuzi. Okidi za porini zivukapo mipaka ya nchi huhitaji vibali chini ya mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975. Askari wa mpakani hana budi kulijua jambo hilo.

Miche ikishajaa chupani hutolewa, hosho la jeli likifanywa kwa uangalifu mizizini, ikapandwa katika vipande vya mkaa na magome ya mti, kivulini. Udongo wa bustani haufai kwa okidi zinazoota juu ya miti. Maji humwagwa asubuhi, na chungu huachwa kikauke kidogo kabla ya kumwagiwa tena, maana okidi nyingi za nyumbani hufa kwa mizizi kuoza kuliko kwa kiu.