Nati iliyoshika kutu kwenye pikipiki: mafuta kwanza, nguvu baadaye

Pikipiki ya kijijini hubeba kila kitu. Tope la masika linaganda chini ya injini, maji ya samaki wa chumvi yanachuruzika hadi kwenye ekseli, na vumbi la mbolea ya chumvichumvi likipata unyevu linakula chuma haraka kuliko mvua yenyewe. Kisha siku unataka kuziba pancha ya gurudumu la nyuma, nati haitoki. Mara nyingi kinachoharibu pikipiki hapo si kutu, ni mkono wa anayefungua.

Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka baada ya kukutana na maji na hewa, na kikishageuka huvimba. Katikati ya uzi wa nati na uzi wa bolti hakuna nafasi ya kuvimbia, kwa hiyo kutu hujibana humo kama kabari. Ukivuta kwa nguvu tu, kinachokubali kwanza ni kona za nati, au bolti inakatika.

Kwa hiyo anza na brashi ya waya. Sugua uzi unaoonekana nje hadi tope na kutu ya juu vitoke, maana mafuta hayapenyi kwenye udongo. Halafu tia mafuta mepesi: dawa ya kopo ya kupuliza ikipatikana, la sivyo dizeli au mafuta ya taa. Oili nzito ya injini haipenyi vizuri. Tia jioni, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kadhaa, tia tena, acha hadi asubuhi. Tunajua kwa dereva wa bodaboda usiku mmoja ni mrefu, lakini ni mfupi kuliko siku tatu za kusubiri kifaa kutoka mjini.

Asubuhi tumia spana ya ringi au ya boksi inayokaa sawasawa. Spana ya mdomo hushika kona mbili tu, na spana malaya ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Jaribu kwanza kukaza kidogo sana, kisha legeza. Ikisogea hata kidogo usiendelee kuvuta. Irudishe, ongeza mafuta, vuta tena. Kwenda na kurudi huko kunasaga kutu na kuitoa nje.

Mahali pa kuogopa zaidi ni pale bomba la moshi linapoungana na injini. Nati zake kwa kawaida ni za spana namba 10, na bolti yake ina unene wa milimita 6 tu. Joto na maji vimeipika kwa miaka. Ukichomeka kipande cha bomba kwenye spana ili upate nguvu zaidi, bolti hiyo itakatika, na kipande kitabaki ndani ya kichwa cha injini, ambacho ni aluminiamu, laini kuliko chuma. Kukitoboa kwa drili bila uzoefu ni kuharibu tundu lote.

Hapa joto linasaidia, kwa sababu aluminiamu ikipashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na tundu hulegea. Washa injini ipate moto, izime, kisha jaribu kwa uangalifu usiungue. Moto wa gesi mwachie fundi, na tanki la petroli litolewe kwanza. Usipashe moto mahali palipotoka kumwagiwa dizeli. Kama bolti imeshakatika na kipande kimechomoza, fundi wa kuchomelea anaweza kuunganisha nati mpya juu yake na kuitoa. Mwambie afungue waya za betri kabla hajaanza.

Kwenye gurudumu, angalia dizeli isiingie kwenye breki. Breki iliyolowa mafuta haishiki, na hilo utaligundua mteremkoni ukiwa na abiria. Nati ya ekseli iliyoliwa kona usiirudishe, na kama ina pini ya kuizuia isifunguke, weka pini mpya, si msumari uliokunjwa.

Wakati wa kufunga, sugua uzi na upake grisi kidogo. Grisi ya kawaida inafaa kwenye ekseli na bolti za kukazia mnyororo, lakini kwenye bomba la moshi itaungua. Huko tafuta grisi ya shaba kwenye maduka ya vipuri. Kumbuka uzi wenye grisi hukaza kwa urahisi zaidi, kwa hiyo usivute kama ulivyozoea, hasa zile bolti za namba 10. Na ukishabeba mbolea au samaki, mwagia chini ya pikipiki ndoo moja ya maji safi siku hiyo hiyo.