Mkanda wa Taimingi: Ubadilishwe Lini Katika Gari Lililotumika?

Familia nyingi na vikundi vingi katika parokia zetu, kuanzia Naivasha hadi Molo, hununua gari kwa mkopo. Wengine wanataka pikapu ya kubeba viazi kutoka Mau Narok, wengine matatu ya abiria 14, wengine gari dogo la kwenda kazini. Watu wanapoleta hesabu zao kabla ya kukopa huwa wameandika bima, matairi, mshahara wa dereva, hata chai ya makanga. Mkanda wa taimingi haumo. Na huo mkanda wa mpira ukikatika, unaweza kusimamisha gari miezi miwili huku mkopo ukidai kila mwisho wa mwezi. Mwenye gari akishindwa kulipa, wadhamini ndio hukatwa akiba zao.

Basi hebu tuangalie mkanda huu ni kitu gani.

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka. Juu yake ziko valvu, ambazo hufunguka kuingiza hewa na kutoa moshi. Hivi viwili hutumia nafasi moja kwa zamu, kama kina mama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: huyu akiinua mchi, yule anashusha. Wakikosea mpigo, michi hugongana. Kazi ya mkanda wa taimingi ni kuweka huo mpigo. Una meno upande wa ndani, na unaunganisha shafti ya chini inayozungushwa na pistoni na shafti ya juu inayofungua valvu. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota, mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya dizeli.

Tusiuchanganye na mkanda wa feni. Wa feni uko nje, na ukilegea utausikia ukilia asubuhi. Wa taimingi umefichwa nyuma ya kifuniko na kwa kawaida haupigi kelele. Leo gari linakwenda vizuri, kesho limezima Kikopey, na jana yake hapakuwa na dalili yoyote.

Si kila gari lina mkanda huu, kwa hiyo anza kwa kujua injini yako. Probox na Corolla za NZE zina cheni ya chuma. Caravan za zamani za injini ya TD27 zilitumia gia. Lakini Hiace za dizeli, kuanzia zile za 2L, 3L na 5L hadi za 1KD na 2KD, zote zina mkanda. (Matatu hizi watu wengi bado huziita "nissan" hata kama ni Toyota, kwa hiyo usitegemee jina la mtaani, angalia namba ya injini.) Land Cruiser ya 1HZ, ambayo misheni nyingi zinaijua sana, ina mkanda. Subaru Forester ya injini ya EJ20 ina mkanda, na ya FB20 ina cheni.

Tena kuna tofauti katika hasara. Katika injini ya dizeli, pistoni hufika karibu sana na valvu, kwa hiyo mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, karibu kila mara valvu hupindika, na pengine hata pistoni huumia. EJ20 nayo huharibika vivyo hivyo. Lakini Corolla za zamani za petroli zenye injini ya 5A-FE ziliachiwa nafasi ya kutosha. Mkanda ukikatika, gari huzima tu, unavutwa hadi gereji, unawekewa mkanda mpya, unaenda nyumbani. Mwenye gari la namna hiyo akiniambia anangoja mwisho wa mwezi apate pesa, sitagombana naye, mradi asitoke nalo safari ya mbali. Mwenye Hiace ya dizeli hana ruhusa hiyo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: lini?

Watengenezaji hutoa vipimo viwili, kilomita na miaka, na kinachotangulia kutimia ndicho kinachotawala. Kwa magari mengi yaliyoko huku kwetu kipimo cha kilomita ni kama 100,000. Kwa miaka, wengi hutaja kati ya 5 na 10, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata.

Hebu tupige hesabu. Matatu inayokwenda Nairobi na kurudi Nakuru mara moja kwa siku hutembea karibu kilomita 320. Kwa siku sita ni 1,920. Katika wiki 52, yaani mwaka mmoja tu, imekaribia kabisa 100,000. Mwenye matatu hiyo anahitaji mkanda mpya kila mwaka, na anayekwenda mara mbili kwa siku anauhitaji kila miezi sita. Sasa chukua mwalimu anayetoka Nakuru mjini kwenda Njoro na kurudi, karibu kilomita 40, siku tano kwa wiki. Kwa mwaka ni kama 10,400. Huyu akingojea kilomita atakaa zaidi ya miaka tisa, na mpira utakuwa umechoka zamani. Wa matatu ahesabu kilomita, mwalimu ahesabu miaka.

Shida ya gari lililotumika ni kwamba hesabu zote mbili hatuzijui. Sheria ya Kenya, kwa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, huruhusu gari lenye hadi miaka 8 kuingizwa nchini. Gari la miaka 7 likishuka Mombasa na kilomita 70,000, mnunuzi hufurahi akasema mkanda bado una 30,000. Kumbe mkanda ule una miaka 7. Na hiyo ni kama kilomita zenyewe ni za kweli, maana mita hurudishwa nyuma, tunajua sote. Gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu hapa nchini ndilo gumu zaidi: kila mmoja atakuambia mkanda ulibadilishwa, na labda anaamini hivyo kwa kuwa aliambiwa na aliyemtangulia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mkanda usio na ushahidi uhesabiwe haujabadilishwa. Ushahidi ni risiti yenye tarehe na kilomita, au karatasi iliyobandikwa kwenye injini, au fundi anayeweza kupigiwa simu akathibitisha. "Niliubadilisha juzi juzi" si ushahidi. Na jambo hili limalizwe kabla ya kulipa, si baadaye. Uliza bei ya mkanda, rola zake na kazi ya fundi katika sehemu mbili, kisha mwambie muuzaji aipunguze katika bei ya gari. Muuzaji wa haki ataelewa. Ukishampa pesa na kubadilisha logbuku, hana tena sababu ya kukusikiliza.

Vipi kuhusu ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya Toyota za dizeli? Watu wengi huitegemea kupita kiasi. Taa ile haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu, na kwa kawaida huwaka zikitimia 100,000, au 150,000 kwa magari ya masoko mengine. Fundi anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Ikiwaka, itii. Isipowaka, haijakuambia kitu.

Unaweza pia kuomba kifuniko cha juu kifunguliwe. Mkanda wenye nyufa, kingo zilizochanika, meno yaliyokatika au uliolowa oili, utolewe mara moja. Oili ni mbaya sana kwa mpira huo, na kama sili inavuja lazima ibadilishwe pamoja, la sivyo mkanda mpya utaharibika vile vile. Lakini mkanda unaoonekana mzuri usikudanganye. Macho hayaoni umri.

Siku ya kazi, mwenye gari awepo. Rola na kikaza mkanda vibadilishwe pia, maana beringi ya rola ikishika huukata mkanda mpya. Kwa Subaru za EJ20, pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo huo, basi ibadilishwe wakati huo kuliko kulipa kazi mara mbili. Fundi alinganishe alama, kisha azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya shafti ya chini, aangalie alama tena kabla ya kupiga stata. Anayesema hiyo ni kupoteza muda, mtafute mwingine. Mkanda wa zamani urudishiwe wewe.

Madereva nao waambiwe jambo moja. Injini ikizima ghafla kwenye mteremko, kama ule wa Salgaa, usukani wa pawa huwa mzito na breki hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Kanyaga kwa uthabiti bila kupampu, toka barabarani. Halafu msilisukume gari ili liwake. Kama mkanda umekatika, kila mzunguko unazidi kugonga valvu, na valvu mbili zilizopindika zinakuwa nane. Livutwe likiwa nyutro.

Kwa vikundi vyenye matatu, weka mkanda katika daftari kama mnavyoweka bima. Gawa gharama yote kwa wiki 52, na kiasi hicho kitolewe kila Jumamosi kabla ya mgao. Kazi ikiisha, andikeni tarehe na kilomita kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko cha mkanda, na risiti ikae bahasha moja na logbuku, kwa mweka hazina, si kwa dereva.